Mtoto anapozaliwa mlegevu: mabadiliko ya jeni katika magonjwa ya misuli ya kuzaliwa nayo

Kuna watoto wanaozaliwa wakiwa walegevu. Mkunga akimwinua mtoto wa namna hiyo, mikono na miguu inaning'inia. Kilio chake ni chembamba, ananyonya kidogo na kuchoka. Miezi inapita na shingo haijasimama. Wenzake wanapotambaa yeye bado analala chali, lakini macho yake yanafuata kila kitu, na mama yake akimsemesha anacheka.

Katika jamaa zetu za Kivu, Ituri, Maniema na Tanganyika, mtoto kama huyu huleta swali moja haraka: jambo hili limetoka upande wa nani? Mara nyingi jibu humwangukia mama. Wengine wanataja laana ya ukoo, wengine jirani mwenye wivu, na wengine wanamnyooshea kidole mtoto mwenyewe. Tumeona ndoa zikivunjika kwa ajili ya swali hilo, na mtoto kuachwa kwa bibi yake bila matunzo.

Katika makala hii tunaeleza yale ambayo elimu ya uganga imekwisha kuyafahamu juu ya magonjwa ya misuli ya kuzaliwa nayo: yanatoka wapi, yanapita namna gani toka kwa wazazi kwenda kwa watoto, na kwa nini inafaa kuyajua hata pale ambapo hakuna dawa ya kuyaponya.

Magonjwa haya ni yapi?

Madaktari huyagawanya katika makundi makubwa mawili. La kwanza ni miopati za kuzaliwa nazo. Hapa msuli umejengwa vibaya toka mwanzo: vipande vyake vya ndani havikupangwa sawasawa, kwa hiyo hauna nguvu, ingawa mara nyingi haubomoki upesi. La pili ni distrofi za misuli za kuzaliwa nazo. Hapa nyuzi za msuli zinachanika, mwili unazitengeneza tena, zinachanika tena, hata mwishowe nafasi yake inashikwa na mafuta na makovu.

Makundi yote mawili huonekana toka kuzaliwa au katika miaka miwili ya kwanza. Ndivyo yanavyotofautiana na ugonjwa wa Duchenne, ambao unajulikana zaidi: mtoto wa Duchenne hutembea kwanza, halafu udhaifu huonekana akiwa na miaka mitatu, minne au mitano.

Mara nyingine alama ya kwanza huonekana kabla ya kuzaliwa. Mama mwenye watoto wengine anasema mimba hii haikucheza sana. Mtoto akizaliwa, viungo vingine vinaweza kuwa vimekazana kwa sababu havikujongea vya kutosha tumboni, au nyonga imetoka mahali pake. Kila ugonjwa katika makundi haya ni adimu ukiuhesabu peke yake, lakini yote pamoja si machache, na hayachagui taifa wala rangi.

Herufi moja katika maandishi

Kila chembe ya mwili wetu ina maandishi yanayoitwa DNA. Yana herufi nne tu, lakini zimefuatana hata kufika karibu bilioni 3. Zimefungwa katika kromosomu 46, yaani jozi 23. Katika kila jozi, moja imetoka kwa baba na moja kwa mama. Sehemu ya maandishi inayotoa agizo la kutengeneza protini fulani ndiyo jeni. Mwanadamu ana jeni za namna hiyo karibu 20,000.

Badiliko la jeni ni kosa la kunakili katika maandishi hayo. Tuchukue sentensi fupi: "Baba analima." Herufi moja ikibadilishwa inakuwa "Baba analipa." Bado ni sentensi, ila kazi imekuwa nyingine. Herufi moja ikianguka, inakuwa "Baba analia." Na kama kituo kimewekwa mapema, tunabaki na "Baba ana," na neno halikwisha. Makosa haya matatu hutokea kweli katika jeni: protini yenye kazi iliyoharibika, protini iliyogeuka kuwa kitu kingine, na protini iliyokatika katikati.

Makosa yanatoka wapi? Chembe inapogawanyika, inanakili maandishi yote. Inanakili vizuri sana, lakini bilioni 3 ni nyingi. Kila mtoto duniani, mzima na mgonjwa, huzaliwa na herufi mpya makumi kadhaa ambazo baba na mama hawana. Karibu zote hazidhuru kitu. Lakini moja ikianguka mahali pa lazima katika jeni ya msuli, ugonjwa unaanza hapo.

Jeni zinazotajwa zaidi

Msuli unafanana na hema. Ndani kuna nyuzi zinazovutana ili tukunje mkono au tuvute pumzi. Nje kuna utando, na utando huo umefungwa kwa kamba na vigingi kwenye kile kinachouzunguka. Ugonjwa unategemea ni kipande gani kimekosekana.

LAMA2, kwenye kromosomu ya 6, inaagiza protini iitwayo laminini alfa-2. Hiki ni kigingi cha nje. Mwaka 1994 watafiti walionyesha kwamba protini hii haiko katika misuli ya baadhi ya watoto wenye distrofi ya kuzaliwa nayo, na mwaka 1995 mabadiliko ya jeni yenyewe yakathibitishwa. Mtoto aliyeikosa kabisa kwa kawaida hafikii kutembea peke yake. Picha ya ubongo wake huonyesha mabadiliko, na wengine wanapata kifafa, lakini wengi wao wana akili nzuri, wanasoma na kuzungumza vizuri.

COL6A1, COL6A2 na COL6A3 zinaagiza kolajeni ya namna ya 6, ambayo ni kama kamba zinazozunguka nyuzi za msuli. Daktari Mjerumani Otto Ullrich aliandika juu ya watoto wenye ugonjwa huu mwaka 1930. Alama zake ni za ajabu: vidole vinalegea na kukunjika kupita kiasi, lakini viwiko na magoti yamekazana, na visigino vinatokeza nyuma. Makovu ya ngozi huvimba. Wengine hutembea kwa miaka kadhaa, kisha nguvu za miguu zinapotea. Jeni hizo hizo zinaweza pia kuleta ugonjwa mwepesi zaidi, unaoitwa Bethlem, ambao mtu anaishi nao hata uzeeni.

FKTN inasaidia kuweka sukari juu ya kamba inayoshika utando kwenye kigingi. Bila sukari hiyo, kamba inateleza. Ugonjwa wake uliandikwa Japani mwaka 1960 na daktari Yukio Fukuyama, na jeni ikapatikana mwaka 1998. Karibu wagonjwa wote wa Japani wana badiliko lile lile: kipande cha herufi kama 3,000 kilichojiingiza mahali pasipo pake. Watafiti wamehesabu kwamba kilianza kwa babu mmoja, vizazi karibu 100 vilivyopita. Ugonjwa huu hugusa misuli, ubongo na macho pamoja.

RYR1, kwenye kromosomu ya 19, inaagiza mlango wa ndani unaofungulia kalsiamu. Neva inapotoa amri, mlango huu unafunguka, kalsiamu inatoka, na msuli unakaza. Mwaka 1956 madaktari Shy na Magee, huko Marekani, waliandika juu ya jamaa moja ambamo udhaifu ulipita kizazi kwa kizazi. Nyuzi za misuli yao zilikuwa na sehemu ya katikati isiyofanya kazi. Leo tunajua kwamba RYR1 ni moja ya sababu kuu za miopati za kuzaliwa nazo. Tutarudi kwake, maana inaleta hatari nyingine kwenye chumba cha upasuaji.

NEB na ACTA1 zinahusu nyuzi zenyewe, zile zinazovutana. Zikiharibika, msuli chini ya darubini unaonekana kujaa vijiti vidogo vyembamba. Ndiyo maana ugonjwa huitwa miopati ya nemalini, kutokana na neno la Kigiriki linalomaanisha uzi. Uliandikwa mwaka 1963.

MTM1 iko kwenye kromosomu X. Ilipatikana mwaka 1996 kwa kazi ya watafiti wa Strasbourg, Ufaransa. Ugonjwa wake hushika hasa watoto wa kiume, na mara nyingi ni mkali: mtoto anazaliwa akishindwa kuvuta pumzi vizuri.

Orodha hii si kamili. Leo zinajulikana makumi ya jeni, na nyingine zinaendelea kupatikana.

Linapita namna gani toka kwa wazazi?

Hapa ndipo penye mabishano ya jamaa zetu, kwa hiyo tueleze polepole. Kuna njia nne.

Njia ya kwanza: baba na mama wote wawili wanabeba. Kwa kuwa kila jeni tunayo mara mbili, mtu akiwa na moja iliyoharibika na moja nzima, ile nzima inatosha. Hana alama yoyote, analima, anabeba mizigo, anazaa. Lakini akioana na mtu anayebeba badiliko katika jeni hiyo hiyo, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata nakala mbili mbaya. LAMA2 na FKTN hupita hivi, na mara nyingi NEB pia. Tuangalie vizuri: hapa mchango wa baba na wa mama ni sawasawa. Nusu imetoka kwake, nusu imetoka kwake. Mume anayemfukuza mke kwa sababu ya mtoto wa namna hii anamfukuza kwa jambo ambalo yeye mwenyewe amelileta nusu.

Hesabu hii ya moja kati ya nne inaanza upya kwa kila mimba. Wazazi wakiwa na mtoto mmoja mgonjwa, haina maana kwamba watatu wanaofuata watakuwa wazima. Inawezekana wote wakawa wazima, inawezekana wawili wakafuatana wakiwa wagonjwa. Ndipo watu husema "ukoo umelaaniwa," na kumbe ni kama kurusha sarafu mbili kila mara.

Njia ya pili: nakala moja mbaya inatosha. Hapa mzazi mwenye ugonjwa, hata kama kwake ni mwepesi, ana nafasi moja kati ya mbili ya kumpitishia kila mtoto. Aina nyingi za RYR1 hupita hivi, na Bethlem pia.

Njia ya tatu: kwenye kromosomu X, kama MTM1. Mwanamke ana X mbili, kwa hiyo moja nzima kwa kawaida humlinda. Mwanamume anayo moja tu. Mama anayebeba anaweza kumpitishia mtoto wake wa kiume, nafasi moja kati ya mbili. Katika njia hii mtu atasema, "Basi kweli ni upande wa mama." Ndiyo, badiliko limepitia kwake. Lakini hakulichagua wala hakulijua, na yeye mwenyewe alilipokea kwa mzazi wake, au lilianza ndani yake bila mtu kulitaka.

Njia ya nne: badiliko jipya. Baba hana, mama hana. Limeanza katika yai au katika mbegu, au mara tu mimba ilipotungwa. Mabadiliko mengi ya ACTA1 ni ya namna hii, na mengi ya kolajeni ya 6 yanayoleta ugonjwa mkali. Jamaa inaweza kutafuta katika ukoo mzima hadi babu wa babu, isipate mgonjwa hata mmoja.

Swali la ndoa za mabinamu huulizwa pia. Watu wa ukoo mmoja wana maandishi mengi yanayofanana, kwa hiyo nafasi ya kwamba wote wawili wanabeba badiliko lile lile inaongezeka. Watoto wengi wa ndoa hizo wanazaliwa wazima; hatari imeongezeka tu. Mahali ambapo mtoto mgonjwa amekwisha kuzaliwa katika ukoo, wazee wafikiri mara mbili kabla ya kuwaoanisha tena wa ukoo huo huo.

Kanisa la Waamishi na ugonjwa wao

Kuna mfano unaotufaa sisi watu wa makanisa. Huko Pennsylvania, Marekani, wanaishi Waamishi, ndugu wa karibu wa Wamenno ambao wana makanisa hapa Kongo pia. Walitengana na Wamenno wengine mwaka 1693 katika nchi za Uswisi na Alsace, kisha wakavuka bahari katika miaka ya 1700. Wanalima, wanapanda magari ya farasi, wanaishi kwa adabu, na wanaoana wao kwa wao. Waliovuka walikuwa wachache, kwa hiyo mabadiliko machache waliyoyabeba yamerudi mara nyingi katika wajukuu wao.

Moja la mabadiliko hayo liko katika jeni TNNT1, inayoagiza protini ya nyuzi za msuli iitwayo troponini. Herufi moja imegeuka, na agizo linakatika katikati. Mtoto anazaliwa akitetemeka. Baada ya miezi miwili au mitatu mtetemeko unapoa. Kisha viungo vinakaza, kifua kinatokeza mbele, na pumzi inapungua. Wengi hufa katika mwaka wa pili. Waamishi wenyewe waliuita ugonjwa wa kifua cha kuku miaka mingi kabla watafiti hawajaleta jina lao. Badiliko lilichapishwa mwaka 2000, na watafiti walikadiria kwamba kati yao karibu mtoto mmoja kwa 500 anazaliwa nao.

Wazazi hao si walevi wala waasherati. Ni watu wa sala, na wote wawili, baba na mama, wanabeba herufi ile ile waliyoipokea kwa mababu waliotoka Ulaya. Nao hawakuishia kwenye kuomboleza. Mwaka 1989 daktari Holmes Morton alianzisha kwao zahanati ya watoto wenye magonjwa ya kurithi, Clinic for Special Children. Waamishi na Wamenno waliinua jengo lake kwa mikono yao wenyewe, namna wanavyoinua ghala za jirani, na kila mwaka wanauza mablanketi na mazao kwa mnada ili kuitegemeza. Ugonjwa wa TNNT1 haujapata dawa ya kuuponya. Lakini mama anayezaa mtoto mwenye mtetemeko anaweza kupata jibu mapema, bila kuzunguka hospitali kumi.

Si kila ulegevu ni wa kurithi

Tusikimbilie jeni kwa kila mtoto dhaifu. Mtoto aliyekosa pumzi wakati wa kuzaliwa anaweza kuwa mlegevu kwa sababu ya ubongo. Mtoto mwenye maambukizi makali hulegea pia, na huyo anataka hospitali siku ile ile. Polio hushika ghafla mtoto aliyekuwa mzima, mara nyingi mguu mmoja zaidi ya mwingine. Konzo, iliyoandikwa na daktari Trolli mwaka 1938 huko Kwango na inayojulikana pia katika Kivu ya Kusini, hukaza miguu yote miwili kwa ghafla; inatokana na muhogo mchungu usioloweshwa vya kutosha, na haimshiki mtoto wa siku moja. Kuna pia ugonjwa wa kurithi wa neva, unaotokana na jeni SMN1, ambao unafanana sana na haya ya misuli. Mara nyingi ulimi wa mtoto unatetemeka.

Ili kutenganisha, daktari huanza kwa kuuliza habari za mimba, uzazi na ukoo. Kipimo cha damu kiitwacho CK husaidia: katika distrofi kama ya LAMA2 huwa juu sana, katika miopati nyingi huwa cha kawaida au juu kidogo. Kipande cha msuli kinaweza kuangaliwa kwa darubini. Mwisho ni kusoma jeni zenyewe. Damu kidogo inatosha, na DNA inaweza kusafirishwa mbali bila kuharibika. Katika nchi yetu Chuo Kikuu cha Kinshasa kina kituo cha jenetiki ya binadamu. Mwaka 2010 watafiti walichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba RYR1 ni sababu ya mara nyingi ya miopati fulani za kuzaliwa nazo, na kati ya wagonjwa wao walikuwamo watoto wa Afrika Kusini. Toka 2019 kuna ushirikiano wa utafiti juu ya magonjwa haya unaounganisha London na hospitali za Afrika Kusini na za Zambia, jirani yetu. Kazi hiyo ni ya lazima, maana orodha za mabadiliko yanayojulikana zimejengwa zaidi kwa damu ya watu wa Ulaya. Daktari anaposoma jeni za Mwafrika, hukuta herufi nyingi ambazo hazimo katika orodha hizo, na hawezi kusema kwa haraka ipi inadhuru.

Kujua jeni kunasaidia nini?

Wengine husema: kama hakuna dawa, kwa nini tujue? Tuna majibu matatu.

La kwanza ni chumba cha upasuaji. Mwaka 1960, huko Melbourne, madaktari Denborough na Lovell waliandika juu ya kijana aliyevunjika mguu. Yeye hakuogopa mguu. Aliogopa dawa ya usingizi, kwa sababu watu 10 wa jamaa yake walikufa baada ya kupewa. Alikuwa na haki ya kuogopa. Leo tunajua kwamba kwa watu wenye mabadiliko fulani ya RYR1, dawa za kuvuta kwa pumzi kama halotani na isoflurani, na sindano ya suksametoni, hufungua mlango wa kalsiamu na kuuacha wazi. Taya inakaza, joto linapanda, mkojo unakuwa mweusi, na moyo unaweza kusimama. Dawa ya kuzuia hatari hii iitwayo dantroleni ipo, lakini si kila hospitali inayo. Njia nyingine za usingizi, kama ketamini au sindano ya mgongoni, hazifungui mlango huo. Daktari aliyeambiwa mapema anaweza kuchagua. Asiyeambiwa hawezi.

La pili: magonjwa mengine yanayofanana na haya yana dawa. Kuna kundi ambamo shida iko pale neva inapokutana na msuli. Mtoto anachoka kadiri siku inavyoendelea, kope zinashuka, kisha akipumzika anapata nguvu. Wengi wao wanasaidiwa na piridostigmini. Lakini wenye badiliko la DOK7, jeni iliyotambuliwa mwaka 2006, dawa hiyo inaweza kuwazidisha, na kumbe salbutamoli, ile ile ya ugonjwa wa pumu, inawasaidia kwa muda mrefu. Watoto wawili wenye sura moja, jeni mbili, dawa mbili mbalimbali.

La tatu ni kujua cha kulinda. Katika kolajeni ya 6, pumzi ya usiku hupungua mapema: mtoto anaamka na maumivu ya kichwa, anasinzia mchana, hanenepi. Katika magonjwa mengine moyo unahitaji kuangaliwa. Daktari anayejua jina la ugonjwa anajua pa kuangalia.

Juu ya kuponya, tuseme ukweli. Katika majaribio ya kupeleka jeni nzima ya MTM1 ndani ya mwili, watoto kadhaa waliokuwa wakiishi kwa mashine ya pumzi waliweza kuiacha. Lakini watoto wanne walikufa katika majaribio hayo, na yakasimamishwa. Mtu akija kwenu leo akiuza chupa inayoponya ugonjwa wa misuli ya kuzaliwa nayo, msimpe pesa.

Yanayotupasa

Wanafunzi wa Yesu waliuliza juu ya kipofu wa kuzaliwa: ni nani aliyekosa, yeye au wazazi wake? Bwana alikataa majibu yote mawili, kama tunavyosoma katika Yohana sura ya 9. Sisi tunaohubiri sura hiyo tusiirudishe hukumu hiyo kwa mlango wa nyuma, katika vyumba vya maombi. Sheria ya nchi yetu nambari 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, juu ya ulinzi wa mtoto, inakataza katika kifungu cha 41 kumshitaki mtoto kwa uchawi. Mchungaji hayuko juu ya sheria hiyo.

Mtoto mwenye misuli dhaifu asifungishwe chakula hata siku moja. Akiba yake ni ndogo, na njaa humwangusha haraka kuliko watoto wengine. Asichanjwe kwa wembe, wala viungo vyake visivutwe kwa nguvu ili "vifunguke." Anyooshwe polepole kila siku, kama mtaalamu wa viungo atakavyowaonyesha wazazi. Alishwe akiwa ameketi, kidogo kidogo na mara nyingi, ili chakula kisiingie kwenye mapafu. Apate chanjo zote. Akikohoa au pumzi ikienda mbio, asingoje hadi asubuhi, maana hana nguvu ya kutoa makohozi, na wengi wanakufa kwa homa ya mapafu. Na kama akili yake ni nzima, kama ilivyo kwa wengi, nafasi yake ni shuleni. Vijana wa parokia wanaweza kumbeba.

Kwa jamaa ambamo mtu amekufa kwenye meza ya upasuaji, au mtoto amezaliwa mlegevu, tunaomba jambo moja dogo. Liandikeni kwenye fishi ya kila mmoja wenu, na kabla ya upasuaji wowote, hata wa kuzaa, mwambieni anayetoa dawa ya usingizi: "Kwetu kuna ugonjwa wa misuli, halotani na suksametoni zinaweza kutuua." Asiyejua kusoma aandikiwe na shemasi wake, na karatasi hiyo ikae pamoja na kadi ya uchaguzi, mahali isipoweza kupotea.